Barua ya wazi kwa wanaokopa kwa jina la Tanga: ajirini mtu wa kusoma deni

Kwa Waziri wa Fedha, Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Mstahiki Meya na madiwani wa Jiji, Mkurugenzi wa Jiji, na bodi ya mamlaka ya maji.

Waheshimiwa, salaam.

Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, iliingia sokoni na hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo unaochukuliwa kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wanunuzi walileta fedha kuzidi zilizoombwa, na Mei mwaka huohuo hatifungani ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hatuandiki kuilaumu hatua hiyo. Mamlaka ya maji kukopa kwa shilingi, katika soko la hapa nyumbani, bila kwenda kupiga magoti nje, ni jambo tulilolisubiri muda mrefu. Tunaandika kwa sababu ya deni litakalofuata. Mlango ukishafunguka kila mtu hutaka kupita, na wa pili na wa tatu mara nyingi hupita bila kutazama kizingiti.

Ombi letu ni moja. Kabla ya saini nyingine kuwekwa, kiwepo hapahapa Tanga kiti cha mchumi wa fedha za maendeleo: mtu anayelipwa kusoma mkataba wa mkopo kifungu kwa kifungu, kulijenga jedwali la marejesho mwenyewe badala ya kulipokea kwa mshauri wa mkopeshaji, na kulibandika mahali wananchi wanapoliona. Mengine yote katika barua hii yanaeleza kazi yake itakuwa ipi, na nini huharibika asipokuwepo.

Tuanze na dumu, maana huko ndiko deni linakolipiwa. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni shilingi bilioni 7.17 kwa mwaka, pale ambapo deni la msingi bado halijapunguzwa. Uzalishaji wa maji kabla ya upanuzi unaogharamiwa na hatifungani hiyo ulikuwa kama lita milioni 45 kwa siku, yaani uniti 45,000. Zidisha kwa siku 365 upate uniti milioni 16.4 kwa mwaka. Gawanya: riba peke yake ni kama shilingi 437 kwa uniti. Uniti ni lita 1,000, ambazo ni madumu 50 ya lita 20. Kila dumu linalojazwa Makorora au Duga lina karibu shilingi 9 za riba ndani yake, hata kabla hujagusa umeme wa pampu, shabu ya kusafishia maji, mishahara na deni la msingi lenyewe.

Lengo la mradi ni kufikisha uniti 60,000 kwa siku. Hapo riba inashuka hadi shilingi 327 kwa uniti, na hesabu inapendeza. Lakini hakuna anayeuza maji yote anayoyazalisha. Mabomba chakavu yanavuja ardhini, mita zinazeeka na kusoma pungufu, wengine wamejiunganishia usiku. Tuseme robo ya maji inapotea njiani. Robo ya 60,000 ni 15,000, zinabaki 45,000. Yaani mtambo umepanuliwa na deni limechukuliwa, lakini uniti zinazoingia kwenye bili ni zilezile ambazo mtambo wa zamani ungeziuza kama usingevuja hata tone. Ndiyo maana mchumi tunayemtaka asiulize kwanza mtambo utazalisha kiasi gani. Aulize ni uniti ngapi zilipimwa kwenye mita za wateja mwezi uliopita, na ngapi kati ya hizo zililipiwa. Namba tatu hizo, yaani zilizozalishwa, zilizopimwa na zilizolipiwa, zinamwambia mengi kuliko kurasa mia za andiko la mradi.

Kuna namba ya nne, nayo haipatikani ofisini. Maji ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, na Mabayani linajazwa na mto Zigi unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki. Anayelima hadi ukingoni mwa mto kule juu, au anayechimbua mchanga akitafuta dhahabu, anatuma tope bwawani. Tope likijaa, nafasi ya maji inapungua, na maji machafu zaidi yanataka shabu nyingi zaidi. Gharama ya shabu ikipanda, kinachobaki cha kulipia deni kinapungua. Kwa hiyo kazi ya wakulima wa UWAMAKIZI, waliojiunga kulinda mabonde ya Kihuhwi na Zigi, ni sehemu ya dhamana ya hatifungani, ingawa mkopeshaji haioni kwenye mizania. Fedha za kuwaunga mkono ziwe na mstari wake katika bajeti ya kila mwaka. Zisiwe sadaka ya siku ya mazingira.

Sasa namna ya kulipa. Hapa ndipo tunapowaomba mtulie kidogo, kwa sababu maamuzi mengi hupitishwa kikaoni saa saba mchana watu wakisubiri chakula.

Chukua mfano wa deni la bilioni 50 kwa asilimia 13.5, miaka 10, malipo kila miezi sita. Njia ya kwanza ni kulipa riba tu na kuacha mtaji wote, yaani lile deni la msingi, mwisho. Kila nusu mwaka mtatoa bilioni 3.375, malipo yanaonekana mepesi, kila mtu anatabasamu. Siku ya mwisho mtatakiwa bilioni 53.375 kwa mkupuo, na riba mliyolipa kwa jumla itakuwa bilioni 67.5. Njia ya pili ni kulipa riba na mtaji pamoja kwa kiasi kilekile kila mara: kama bilioni 4.63 kila miezi sita, yaani bilioni 9.26 kwa mwaka. Mzigo wa mwanzo ni mkubwa, lakini riba yote inakuwa bilioni 42.6 hivi, na mwaka wa kumi hauna kishindo. Tofauti ya njia hizi mbili ni karibu bilioni 25, na diwani hawezi kuidai kama hajaoneshwa jedwali zote mbili zikiwa sambamba.

Wanaochagua njia ya kwanza husema watajiwekea akiba pembeni. Ni sawa, mradi akiba hiyo iwe kwenye akaunti maalumu iliyo chini ya mdhamini wa wenye hatifungani, yaani msimamizi wa haki zao, na iingie kwanza kabla ya matumizi mengine. Kuweka bilioni 2.5 kila nusu mwaka kunatimiza bilioni 50. Akiba iliyoko kwenye akaunti ya kawaida haina maisha marefu. Uchaguzi ukikaribia hupata matumizi.

Kosa jingine ni kuzichukua fedha zote siku moja. Mkandarasi hawezi kutumia bilioni 50 kwa mwezi. Nusu yake ikikaa benki mwaka mzima kwenye amana ya muda maalumu kwa, tuseme, asilimia 8, huku mnalipa 13.5, mnapoteza asilimia 5.5: shilingi bilioni 1.375 zimekwenda bila hata mtaro kuchimbwa. Dawa yake ni kutoa hatifungani kwa awamu zinazofuata ratiba ya ujenzi, na ratiba hiyo iandikwe na mhandisi aliyewahi kulaza bomba.

Kuhusu ucheleweshaji, riba ya bilioni 50 kwa kiwango hicho ni shilingi milioni 18.5 kwa siku. Kontena la viungio vya bomba likikaa bandarini siku 20 likisubiri karatasi ya msamaha wa kodi, riba ya siku hizo ni milioni 370. Mradi wote ukichelewa mwaka mmoja na nusu, bilioni 10 zimelipwa kabla uniti ya kwanza ya ziada haijauzwa. Tunashauri namba hiyo ya 18.5 iandikwe kwa maandishi makubwa ukutani, katika ofisi ya kila anayeshika muhuri wa mradi.

Kipimo kikuu cha kazi hii ni uwiano wa kulipa deni: mapato yanayobaki baada ya gharama za uendeshaji, ukiyagawanya kwa malipo ya deni ya mwaka huo. Ikiwa yanabaki bilioni 12 na malipo ni 9.26, uwiano ni 1.3, na wakopeshaji wengi huridhika. Lakini mchumi mzuri haishii hapo. Anaivunja hesabu yake mwenyewe. Mota ya pampu imeungua, vipuri vinatoka nje, na miezi miwili ya mapato yanayobaki imepotea: zimebaki bilioni 10, uwiano ni 1.08. Taasisi za umma, ambazo ni wateja wakubwa na walipaji wagumu, zimechelewesha bili za bilioni 1: zimebaki 9, uwiano ni 0.97. Mambo mawili ya kawaida kabisa, hakuna vita wala gharika, na tayari malipo hayatoshi. Bei ya maji nayo haipandishwi kwa simu. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huipitia kwa utaratibu wake, na wadau hukaa kusikilizwa. Kwa hiyo akiba ya walau malipo ya miezi sita iwepo tangu siku ya kwanza, ikitengwa humohumo kwenye fedha zilizokopwa.

Tunajua mtakapomaliza kusoma hapo mtasema: basi twende kwenye mikopo ya nje, riba ni asilimia 4 tu. Twendeni, lakini kwa hesabu.

Hatusemi mkopo wa dola ni haramu. Kati ya asilimia 13.5 ya shilingi na 4 ya dola, shilingi ingepaswa kushuka kwa zaidi ya asilimia 9 kila mwaka ndipo dola iwe ghali zaidi, na haishuki hivyo kila mwaka. Kuanzia 2016 hadi 2022 ilikaa karibu 2,200 hadi 2,300 kwa dola. Aliyekopa dola miaka hiyo alionekana mwerevu. Tatizo ni kwamba shilingi haishuki kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1986 ulianza dola ikiwa kama shilingi 17, ukaisha imepita 50. Karibu na hapa, mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama 2,300, na kufikia vuli ya 2024 ilizidi 2,700 kabla ya kurudi nyuma. Awamu ya marejesho ya dola milioni 1.5 iliyokuwa shilingi bilioni 3.45 ikawa bilioni 4.05. Milioni 600 zimeongezeka, na mama wa kata ya Mabawa analipa uniti kwa shilingi ileile.

Wachumi Barry Eichengreen na Ricardo Hausmann walilipa tatizo hili jina mwaka 1999: dhambi ya asili. Nchi inazaliwa nayo kabla haijatenda lolote, kwa kuwa wakopeshaji wa dunia hawataki sarafu yake. Kuna kinga, na kuna taasisi zinazoiuza. TCX ya Uholanzi ilianzishwa mwaka 2007 kwa kazi hiyo hasa, kubeba hatari ya sarafu kama yetu. Lakini kinga ina bei, na ukiiongeza juu ya ile asilimia 4 unakuta ule unafuu umeliwa sehemu kubwa. Kanuni ni rahisi kuitaja na ngumu kuifuata: anayepata dola na akope dola, anayepata shilingi na akope shilingi. Maji yanauzwa kwa shilingi.

Halafu kuna mambo yanayokaa nyuma ya ile riba ndogo. Ada ya ahadi hulipwa kwa fedha ambazo hamjazichukua: nusu asilimia ya dola milioni 10 zilizolala ni dola 50,000 kwa mwaka, na zinalala kwa sababu ya zabuni zetu wenyewe zinazochelewa. Kuna ada ya mwanzo inayokatwa siku ya kwanza, na bima ya mkopo. Kipo kifungu kinachosema mkishindwa kulipa deni moja, mmeshindwa yote, hata lile mnalolilipa vizuri. Kipo kinachowakataza kumwekea mkopeshaji mwingine rehani, ambacho kinaweza kuifunga hatifungani yenu ijayo bila ninyi kujua. Ipo akaunti maalumu ambamo makusanyo huingia kwanza, mkopeshaji akachukua chake, ndipo ninyi mkaambiwa kilichobaki. Na kipo kinachosema mgogoro utaamuliwa wapi na kwa sheria ya nchi gani. Watu wetu hulalamika kuwa wakopaji wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, hawasomi karatasi. Karatasi ile ni moja. Hizi ni mia na hamsini, kwa lugha ya mawakili wa London.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inaitaka halmashauri ipate idhini ya waziri kabla ya kukopa. Udhamini wa serikali nao una Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada, Sura 134. Sheria zipo. Idhini ya Dodoma hata hivyo hutolewa juu ya kilichoandikwa Tanga, na kilichoandikwa Tanga kikiwa kimenakiliwa kutoka kwa muuzaji wa mkopo, saini zote zinazofuata zinakizunguka tu.

Mji huu una ushahidi wake. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa mwaka 1893 na kampuni binafsi ya Kijerumani. Mwaka 1896 ilifika Muheza, kama kilomita 40, na fedha zikaisha. Reli ikakaa pale ikimwangalia mlima. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua, na Moshi ikafikiwa mwaka 1911. Reli ya kilomita 40 haina mzigo wa kutosha kulipa deni la reli nzima, na kabla haijawa nzima hakuna wa kuiongezea mtaji. Kila mradi wa maji, soko au stendi unaokopewa nusu una Muheza yake, na kazi ya mchumi ni kuonesha iko wapi kwenye ramani.

Jirani zetu wa Msumbiji wana mfano mchungu zaidi. Mwaka 2013 na 2014 kampuni za serikali, mojawapo ikiwa ya meli za uvuvi, zilikopa karibu dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali, na sehemu kubwa ya madeni hayo bunge halikujulishwa. Yalipofichuka mwaka 2016, IMF na wafadhili walisitisha misaada yao, sarafu ikaanguka, na wavuvi ambao hawakuwahi kuziona meli hizo wakapandishiwa bei ya mkate. Udhamini uliofichwa haupungui kwa kufichwa. Tunaomba kila barua ya udhamini inayohusu mradi wa Tanga, hata ile inayoitwa barua ya faraja, yaani ahadi ya kuunga mkono isiyotajwa kuwa dhamana, ihesabiwe kuwa deni siku inaposainiwa.

Kuhusu bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani tutasema moja tu. Lina urefu wa kilomita 1,443, na Tanzania inamiliki asilimia 15 kupitia TPDC, shirika lake la mafuta. Gawio ni la TPDC, halmashauri ina ushuru wake wa huduma kwa kampuni zinazofanya biashara hapa, na hivi ni vitu viwili tofauti. Mapato ambayo hayajaingia hata mara moja yasiwekwe rehani.

Sasa mtu mwenyewe atoke wapi? Wachumi wanaoijua kazi hii wapo, ila wengi wamekaa Dar es Salaam, Nairobi, Abidjan au Washington. Profesa Benno Ndulu alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaongoza shirika la utafiti wa uchumi la AERC lililoko Nairobi, akafanya kazi Benki ya Dunia, na akarudi kuwa gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018. Hatuombi gavana. Tunaomba kijana aliyesoma uchumi au uhasibu, aliyepitia mafunzo ya usimamizi wa madeni kama yale ya MEFMI, taasisi ya kikanda ya mafunzo ya uchumi na fedha iliyoko Harare, ambamo Tanzania ni mwanachama, na anayeweza kufungua jedwali tupu la kompyuta asubuhi, na kufikia jioni awe amejenga mtiririko wa fedha wa miaka 10 bila kuazima wa mtu. Huo ndio usaili tunaoupendekeza. Mpeni deni la kubuni, mfungieni chumbani saa sita, kisha badilisheni riba, tarehe na thamani ya dola mbele yake muone jedwali linaitika au linavunjika. Shahada haitawaonesha hilo.

Akae na mwanasheria anayejua mikataba ya fedha na mhandisi anayezijua pampu. Watatu wanatosha. Mshahara wao wa mwaka ni sehemu ndogo mno ya ile bilioni 1.375 inayopotea kwa fedha kulala. Asitoke hata mmoja wao kwa mshauri anayelipwa kwa asilimia ya mkopo, kwa sababu huyo hulipwa zaidi mkikopa zaidi, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Na mchumi apewe haki ya kuandika maoni ya kupinga yatakayoambatishwa kwenye muhtasari wa baraza kama yalivyo, pasipo mkurugenzi kuyahariri.

Kinachobaki ni ubandikaji. Kikundi cha vikoba cha Ngamiani kina sanduku lenye makufuli matatu na funguo kwa watu watatu, na kila mwanachama husikia akisomewa: kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa. Tunataka hivyohivyo kwa mabilioni. Ndani ya siku 14 baada ya kila malipo ya nusu mwaka, ukurasa mmoja kwa Kiswahili ubandikwe kwenye ofisi za mitaa yote, Raskazone hadi Pongwe: tumelipa riba kiasi gani, mtaji kiasi gani, deni limebaki kiasi gani, uniti zilizozalishwa, zilizopimwa na zilizolipiwa, akiba iliyopo kwenye akaunti ya mdhamini, na fedha ambazo hazijatumika zimelala wapi kwa riba gani. Kwa kuwa hatifungani ni ya kijani, aya moja ieleze hali ya Zigi na kina cha tope Mabayani. Jedwali lenyewe, lile la kompyuta lenye fomula zake zinazofunguka, liwekwe kwenye tovuti. Lisiwekwe kama picha iliyopigwa kwa simu ikiwa imepinda.

Tuko tayari kuja kulieleza kwenye uwanja wa Tangamano, au kwenye kikao cha baraza, siku mtakayopanga.

Wenu,
Wachumi na wahasibu wakazi wa Tanga